Moja, Mbili, Inameza, Nne

Tangu Jumanne Pijo inakohoa.
Si kikohozi cha kufa, ni cha mtu
aliyepaliwa na tonge akasema "niko sawa."
Kutoka Kiwira kupanda Tukuyu
ilichechemea kama mbuzi mwenye mwiba.

Fundi Mwaisumo kaja, kafungua boneti, kaguna,
kafunga boneti. "Mzee, injini imechoka.
Nenda Mwanjelwa, hukosi nyingine."
Mguno ule ulinigharimu elfu tano.

Basi leo mvua imepumzika
(Tukuyu mvua haikomi, hupumzika),
nimeisogeza Pijo chini ya paa la jiko,
pua ndani, mkia nje kwenye migomba,
na Tupokigwe ameshika tochi.
Ana miaka kumi na mmoja, grisi haimtishi.

Niseme jambo ambalo mama yake halijui:
sikio la kushoto nililiacha kiwandani,
miaka ishirini na mbili kando ya makaushio ya chai.
La kulia hunisaliti jioni.
Injini ikinguruma, kwangu ni blanketi moja zito,
sioni nyuzi.
Kwa hiyo mimi naweka kiganja juu ya madigadi
na yeye anafumba macho.

"Babu, inapiga moja, mbili, inameza, nne."

Inameza. Sijalisikia neno hilo kwa fundi yeyote,
lakini kiganja kimekubali.

Mvivu hukamatwa hivi:
injini ikiwa hai, chomoa waya wa plagi, mmoja mmoja,
kwa koleo lenye mpira, kamwe si kwa mkono mtupu;
umeme wa koili haujui babu wala mjukuu.
Wa kwanza: gari likapepesuka, likataka kuzima.
Rudisha, huyu anakula kwa jasho lake.
Wa pili, vivyo hivyo.
Wa tatu.
Tupokigwe akafumbua jicho moja:
"Mbona huchomoi?"
Na waya ulikuwa unaning'inia kwenye koleo.

Nikasimama nao kidogo.
Siku niliyostaafu, mashine zile
hazikukohoa hata mara moja.

Haya. Zima.
Plagi za Pijo hazikai juu juu,
zimezama kwenye visima vinne,
kila moja na kofia yake ndefu.
Ya tatu ilitoka imelowa petroli, haikuungua.
Nikaipeleka kisima cha pili, ya pili nikaileta huku:
mhamishe mgonjwa kitanda,
homa ikibaki kitandani, usimchome sindano.
Washa.
Homa ilibaki kitandani.

Kumbe Mwaisumo angeniuzia injini nzima.

"Zima tochi," nikamwambia.
Ukungu ulishaingia hadi mafigani, jiko likawa giza,
na hapo tukamwona mwizi wote wawili:
cheche ya buluu, nyembamba,
inaruka kutoka shingo ya kofia ya tatu
kwenda kwenye chuma, tik, tik,
inarudi nyumbani bila kufika kazini.
Ufa kama unywele. Unyevu ukiingia ufani,
umeme nao ni mtu wa njia za mkato.

Tukaikausha kofia kando ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu,
nikakwangua masizi, nikaizungushia utepe mweusi mara saba.
Utashika hadi Jumatatu nitakapokwenda Mbeya.
Au hautashika.

Washa.

Akafumba macho. Nami kiganja.
"Zote nne," akasema, kisha akacheka peke yake:
"Ndaga fijo, Pijo."

Nikamvuta karibu. "Sikia. Habari ya sikio langu
usimwambie mama yako."
Alikuwa anafuta tochi kwa upindo wa gauni.
"Mama? Ndiye aliyenituma.
Alisema babu atachomoa na hatasikia,
nenda ukamsikilizie."

Mvua ikaamka.
Sikuitikia; nikajifanya injini ina kelele.